Jackie Moggridge: mwanamke aliyepeleka ndege ML407 vitani, akairusha tena miaka 50 baadaye

Tarehe 29 mwezi wa nne 1944, ndege mpya ya vita aina ya Spitfire ilitua kwenye kiwanja cha Selsey, kusini mwa Uingereza. Namba yake ilikuwa ML407. Kikosi namba 485 cha marubani kutoka New Zealand kilikuwa kinaisubiri. Aliyeshuka ndani yake alikuwa mwanamke wa miaka 22, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Alikabidhi ndege, akapata sahihi kwenye karatasi ya kuipokea, akaenda kutafuta ndege nyingine ya kupeleka. Kwake ilikuwa siku ya kazi kama siku zingine.

Wakati ule aliitwa Jackie Sorour. Baadaye alijulikana kwa jina la mume wake, Jackie Moggridge. Alipeleka vitani ndege zaidi ya 1,500, lakini ni hiyo moja, ML407, iliyorudi maishani mwake akiwa bibi mwenye wajukuu. Ilirudi kwa sababu fundi mmoja alikubali kutumia miaka mitano ya maisha yake kuifufua.

Binti wa Pretoria

Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa tatu 1922 na kupewa jina la Dolores Theresa Sorour. Jina Dolores halikumpendeza. Akiwa bado msichana alijichagulia jina la Jackie, kwa kumfuata mchezaji wa hoki aliyempenda sana, na jina hilo likamganda.

Mara ya kwanza alipopanda ndege alitapika. Wengine wangeishia pale. Yeye aliona haya, na haya hiyo ikageuka ukaidi: akaamua kwamba atakuwa rubani. Alijifunza kurusha ndege akiwa bado kijana mdogo, na kabla ya kufikisha miaka 20 alikwisha ruka na parashuti, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya katika Afrika Kusini.

Ni lazima kusema wazi kwamba njia hiyo ilifunguka kwa mzungu peke yake. Katika Afrika Kusini ya miaka ile, mtoto mweusi mwenye ndoto kama yake hakuwa na mlango wa kubisha. Lakini hata kwa binti wa kizungu mlango ulikuwa nusu wazi tu. Kazi ya kulipwa katika urubani ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Ili apate leseni ya kufanya kazi hiyo, mwaka 1938 alipanda meli kwenda Uingereza kusoma.

Vita vilimkuta huko. Ndege za raia zilizuiliwa kuruka, masomo yakakatika. Jackie aliingia jeshini upande wa wanawake na akawekwa kwenye kituo cha rada huko Rye, pwani ya kusini, kazi yake ikiwa kutazama alama za ndege za adui zikikaribia. Alikuwa anahesabu ndege za wengine, na yeye mwenyewe yuko chini.

Kazi bila bunduki, bila redio

Mwezi wa saba 1940, akiwa na miaka 18, alipokelewa katika ATA, shirika la marubani wasafirishaji. Alikuwa mmoja wa wadogo kabisa waliowahi kupokelewa. Kazi ya shirika hili ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya: kuchukua ndege kiwandani au kwenye karakana na kuipeleka kwa askari watakaopigana nayo. Marubani wa jeshi walikuwa wachache, na haikufaa wapoteze siku zao kwa safari hizo. Walioachwa na jeshi ndio walioitwa: wazee, wenye mkono mmoja, wenye macho mabovu, na wanawake. Wanawake zaidi ya 160 walifanya kazi hiyo kama marubani.

Rubani wa ATA aliruka bila kuzungumza na mtu kwa redio. Aliongozwa na ramani na macho yake: reli, mto, mnara wa kanisa. Ukungu ukishuka, hakuna wa kumwambia aende wapi. Asubuhi angeweza kupewa ndege ndogo ya mazoezi, mchana ndege ya vita yenye moteri moja, jioni ndege ya mabomu yenye moteri mbili ambayo hajawahi kuigusa. Msaada wake ulikuwa kijitabu kidogo cha kadi zilizofungwa pamoja, kila aina ya ndege na ukurasa wake: kasi ya kupaa, kasi ya kutua, mafuta yanafunguliwa wapi. Kwa namna hiyo Jackie alirusha aina 83 za ndege.

Hatari haikuwa ya hadithi. Mwezi wa kwanza 1941 Amy Johnson, mwanamke rubani aliyejulikana kuliko wote Uingereza, alikufa katika maji ya mto Thames akiwa kwenye kazi hiyo hiyo ya kupeleka ndege. Wenzake walizika huzuni na kesho yake wakarudi kiwanjani.

Na mshahara? Mwanzoni wanawake walilipwa pungufu ya wanaume kwa asilimia 20, wakati ndege, ukungu na kifo ni vile vile. Walidai haki yao, na mwaka 1943 walifikia mshahara sawa na wanaume, jambo lililokuwa la ajabu kwa wakati ule.

Mwisho wa vita, hakuna mwanamke mwingine katika shirika hilo aliyekuwa amepeleka ndege nyingi kumshinda Jackie.

ML407 inaingia vitani

Wiki chache baada ya Jackie kuiacha Selsey, ndege ML407 ilipewa jina kubwa. Tarehe 6 mwezi wa sita 1944, majeshi ya washirika yaliposhuka pwani ya Normandie, Ufaransa, rubani Johnnie Houlton wa New Zealand aliangusha ndege ya Wajerumani akiwa ndani ya ML407. Inahesabiwa kuwa ndege ya kwanza ya adui kuangushwa juu ya pwani ile siku hiyo.

Mpaka vita kwisha, ML407 ilitoka kupigana jumla ya mara 176. Ilipita mikononi mwa vikosi vya Wanewzealand, Wafaransa, Wapolandi, Wabelgiji na Wanorwe.

Kikosi cha Wabelgiji kilikuwa namba 349, na hapa historia ya ndege hii inagusa Afrika. Kikosi hicho hakikuanzishwa Ulaya. Kilianzishwa mwezi wa 11 1942 huko Ikeja, karibu na Lagos, Nigeria, wakati Ubelgiji wenyewe ulikuwa chini ya Wajerumani na serikali yake imekimbilia London. Serikali hiyo ya uhamishoni iliishi kwa mali ya Kongo: shaba ya Katanga, dhahabu ya Kilo-Moto, bati la Maniema. Mwaka 1942 utawala wa kikoloni ulipandisha siku za kazi ya lazima kwa wanakijiji kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, ili mashamba na misitu vitoe kinachohitajiwa na vita. Wazee wengi wa mashariki walikua wakisikia habari za mpira uliochumwa porini wakati huo.

Aliyeangusha ndege ya adui ameandikwa jina. Aliyeileta ndege alisahauliwa kwa miaka mingi, na waliochimba na kuchuma hawakuandikwa popote.

Amani inamfungia mlango

Jackie aliolewa mwaka 1945 na Reginald Moggridge, afisa wa jeshi na mhandisi. Mwaka uliofuata wakapata binti. Tarehe 30 mwezi wa 11 1945, ATA ilifungwa. Wanaume waliotoka vitani walitafuta kazi katika kampuni za ndege. Wanawake walishukuriwa na kurudishwa nyumbani.

Jackie alijaribu kukaa. Alipika, alilea, lakini macho yalikuwa juu. Nafasi ilipotokea ya kuingia katika jeshi la akiba la anga, aliingia, na mwaka 1953 akavishwa mabawa rasmi ya rubani wa jeshi la anga la Uingereza. Wanawake waliopata alama hiyo katika miaka ile walikuwa watano tu. Haikuchukua muda mrefu, nafasi hiyo nayo ikafungwa kwa wanawake.

Mwaka 1954 alipata kazi iliyowashangaza hata wenzake. Israeli ilikuwa imeuza Spitfire zake za zamani kwa Burma, na kampuni moja ilitafuta marubani wa kuzipeleka. Zilikuwa ndege zilizochoka, za moteri moja, zenye mafuta ya safari fupi, na njia nzima ni bahari, jangwa na milima. Tena nchi za Kiarabu hazikutaka kuona ndege inayotoka Israeli. Katika kundi la marubani waliokubali, mwanamke alikuwa Jackie peke yake. Alimwacha mume na mtoto Uingereza, akaenda. Safari hizo na maisha yake ya vita alizieleza katika kitabu chake, Woman Pilot, kilichotoka mwaka 1957.

Baadaye alikuwa rubani wa ndege za abiria katika kampuni ya Channel Airways, na aliongoza ndege kama kapteni wakati abiria wengi hawakuwahi kuona mwanamke kwenye kiti hicho. Mwaka 1961 alizaa binti wa pili. Familia iliishi Taunton, magharibi mwa Uingereza. Miaka ikapita.

Chuma kilichotelekezwa

Na ML407? Mwaka 1950 kiwanda kiliifungua na kuigeuza ndege ya mazoezi yenye viti viwili, mwalimu na mwanafunzi. Ilinunuliwa na jeshi la anga la Ireland na kupewa namba 162. Iliruka huko mpaka 1960, kisha ikawekwa chini kuwafundishia mafundi. Baada ya hapo iliuzwa, ikauzwa tena, ikahamishwa, mpaka ikafika kwenye jumba la makumbusho la Strathallan huko Scotland. Haikuwa tena ndege ya kuruka. Ilikuwa vipande.

Mwishoni mwa mwaka 1979 Nick Grace, mhandisi na mchoraji wa mitambo, aliinunua na kuisafirisha mpaka St Merryn, katika jimbo la Cornwall. Hakuwa na kiwanda wala jeshi nyuma yake. Alikuwa na karakana, vifaa vyake, mke wake Carolyn, na uvumilivu.

Mwenye gari anaweza kudhani kwamba kufufua ndege ni kubadilisha vipuri na kuwasha. Sivyo. Mwili wa Spitfire ni mabati membamba ya aluminiamu yaliyoshonwa kwa riveti, yaani misumari mifupi yenye kichwa upande mmoja na kupondwa upande wa pili, na riveti hizo ni maelfu kwa maelfu. Zikikaa miaka na unyevu, nyingine huoza ndani kwa ndani na kuwa unga mweupe, huku nje rangi bado ni nzuri. Kwa hiyo fundi hawezi kuamini macho. Anafungua bati, anatazama, anatoboa riveti mbovu moja baada ya nyingine, anaweka mpya.

Sehemu ya kuogopwa zaidi ni mhimili wa bawa, mfupa unaobeba uzito wote ndege inapogeuka kwa nguvu angani. Katika Spitfire mhimili huo ulitengenezwa kwa mirija ya pembe nne iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine, minene karibu na mwili na miembamba kuelekea ncha ya bawa. Ufa mdogo kama unywele mahali hapo unaweza kukata bawa hewani. Kila boliti inatolewa, kila tundu linapimwa.

Kisha kuna moteri, Merlin ya Rolls-Royce, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 27. Inavunjwa yote mpaka kipande cha mwisho. Kuna mabomba ya mafuta, ya maji na ya hewa. Nyaya za umeme. Mitambo ya kushusha magurudumu. Elisi, yale mapanga manne yanayozunguka mbele. Vipuri vingine havipatikani tena dukani wala kiwandani. Fundi anatafuta mchoro wa zamani na kukitengeneza mwenyewe, au anakitafuta kwa watu waliokihifadhi bila kujua thamani yake.

Na kila kipande lazima kiwe na karatasi. Wakaguzi wa serikali wanataka kujua kimetoka wapi, kimetengenezwa na nani, kwa chuma gani. Ndege inaweza kuwa nzima kabisa na isiruhusiwe kuruka kwa sababu ya boliti isiyo na historia.

Nick Grace alifanya pia jambo lake mwenyewe. Kwenye ndege hizo za viti viwili, kifuniko cha kioo cha kiti cha nyuma kilisimama juu kama nundu na kuharibu sura yake. Alikichora upya kikawa chini, sawa na cha mbele, hivi kwamba Spitfire ilirudia umbo lake jembamba. Kazi yote ilimchukua miaka mitano. Tarehe 16 mwezi wa nne 1985, ML407 ilipaa tena, Nick akiwa kwenye usukani na Carolyn nyuma yake.

Furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa kumi 1988 Nick Grace alikufa katika ajali ya gari. Aliacha mke, watoto wawili wadogo, na ndege moja.

Wanawake wawili, ndege moja

Ilikuwa rahisi kwa Carolyn Grace kuuza, kwani Spitfire inayoruka ni mali kubwa. Lakini hakuuza. Alikuwa na leseni ya ndege ndogo, si ya ndege ya vita. Akaanza kujifunza, na mwaka 1990 akairusha ML407 peke yake. Kwa miaka mingi baada ya hapo alikuwa mwanamke pekee duniani aliyerusha Spitfire mara kwa mara katika maonyesho.

Jackie Moggridge alikuwa amehifadhi kitabu chake cha safari, kile ambacho kila rubani huandika ndege, tarehe na mahali. Ndani yake mlikuwa na namba ML407. Katika ndege zote 1,500 alizopeleka, nyingi zilianguka, nyingine zilikatwa kuwa vyuma chakavu vita vilipokwisha. Hiyo moja ilikuwa hai.

Mwaka 1994, miaka 50 baada ya safari ya Selsey, Jackie alipanda tena ML407. Alikuwa na miaka 72. Carolyn alikaa mbele, yeye nyuma, kwenye kiti ambacho hakikuwepo mwaka 1944, chenye usukani wake kamili. Huko juu alishika usukani. Ndege ile ile aliyoipeleka msichana wa miaka 22 ilikuwa mikononi mwake, na aliyekuwa kiti cha mbele alikuwa mwanamke mwenzake, jambo ambalo katika ujana wake lisingekubaliwa kirahisi.

Jackie Moggridge alikufa tarehe 7 mwezi wa kwanza 2004. Majivu yake yalimwagwa angani kutoka ndani ya ML407. Carolyn Grace naye alikufa mwezi wa 12 mwaka 2022, katika ajali ya gari kama mume wake.

ML407 bado inaruka Uingereza. Kwenye maonyesho, watu wanaitazama kwa sababu ya ndege iliyoangushwa Normandie. Hiyo ilikuwa kazi ya siku moja. Kwamba iko angani leo, zaidi ya miaka 80 baada ya kutoka kiwandani, ni kazi ya wale ambao hawakufyatua risasi hata moja: aliyeifikisha salama siku ya kwanza, aliyeitengeneza riveti kwa riveti, na aliyekataa kuiuza. Jackie aliishi muda wa kutosha kuona mmoja wao akitambuliwa. Alikuwa yeye mwenyewe.